Kibali Hakikusubiri Arobaini

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyovuka Rufiji kwa pantoni nikiwa nimekumbatia chupa ya dawa. Nilikuwa kijana wa kubeba mizigo Kariakoo, shingo nene, akili nyembamba. Mjomba alikuwa ametuma salamu kutoka Lindi kwa mdomo wa dereva wa basi: mama hajisikii vizuri, nikipata nafasi nipite kumwona. Nikipata nafasi! Basi nami nikaitafuta hiyo nafasi. Nikangoja mwisho wa wiki, nikanunua dawa ya kifua, nikanunua na doti ya khanga aliyokuwa akiitaka tangu Idi, ndipo nikapanda basi. Njiani nilikuwa naimba.

Nilipofika nyumbani nilikuta watu wamekaa kwenye mikeka. Mama alikuwa amezikwa jana yake.

Nililia vipi, hilo niachie mwenyewe. Ninachotaka ukisikie ni maneno ya bibi yangu, mama yake mama, mwanamke ambaye hakuwa na desturi ya kupayuka mbele za watu. Alinitazama, akaitazama ile chupa, kisha akamgeukia mjomba. "Ulikuwa unajua mwanangu haponi. Kwa nini hukumwambia mtoto?" Mjomba akasema alinihurumia, nilikuwa mbali na peke yangu mjini. Bibi akamwuliza, "Ulimhurumia yeye, au ulijihurumia mwenyewe, usiwe wewe wa kumliza?"

Ile khanga tulimpa bibi, akaivaa mpaka ikachakaa. Maneno yake hayajachakaa mpaka leo.

Sasa nikutoe Lindi nikurudishe Ilala. Nilipoingia mjini mara ya kwanza nilipanga chumba cha uani kwa wazazi wa Zuhura, na Zuhura akawa dada yangu wa kulelewa na mji. Ukubwani alikuwa na meza ya khanga Kariakoo na ulimi uliouza kuliko khanga zenyewe. Alifiwa na mume wa kwanza, akakaa miaka, halafu akamleta nyumbani mzungu mmoja, fundi wa visima aliyekuwa amestaafu na kufiwa na mkewe wa huko kwao. Mtaa mzima ulitoka kumtazama. Mzungu akasilimu, akaitwa Yusufu, akazoea muhogo wa nazi, na umeme ukikatika akawa analalamika kutushinda sisi wenyewe. Watoto walimwita Babu Yusufu. Mimi nilimwita shemeji.

Kwao alikuwa na binti mmoja, ameolewa, ana watoto wake. Kila Ijumaa huyo binti alipiga simu, na Zuhura ndiye aliyekuwa akiidaka kwanza. Lugha yao ilikuwa nusu Kiingereza, nusu vicheko, lakini walielewana vizuri sana.

Zuhura akaugua, akatutoka. Tukamzika, tukatandika mikeka. Shemeji akawa anakaa ukumbini akiitazama mashine ya kushonea ya mkewe, hali chakula mpaka abembelezwe.

Siku moja ya matanga binti yangu Mwanaidi alinifuata barazani. Yeye anafanya kazi Posta, kwenye ofisi inayowaandalia wageni karatasi zao. Alitukuta mimi na Mzee Ngwanda, kaka yake Zuhura kwa baba mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa msiba.

"Shikamoo baba. Shikamoo baba mkubwa. Jamani, kibali cha kuishi cha Babu Yusufu kina shida."

"Shida gani tena? Si anacho miaka yote?"

"Anacho kwa sababu ya mama Zuhura. Mke raia, mume anaishi kwa mgongo wa mke. Zamani mwenzake akifa walikuwa wanamvumilia. Sasa hivi utaratibu umebadilika. Inabidi aombe upya, kwa jina lake mwenyewe, kama mstaafu, na aonyeshe pensheni yake ya huko kwao. Na aombe kabla muda haujaisha. Akichelewa anakuwa mtu asiye na ruhusa. Ataondoshwa, na akishaondoka, kurudi ni kazi."

"Muda wenyewe unaisha lini?" nikauliza.

"Kabla ya arobaini, baba."

Kwetu, mwanangu, ndani ya arobaini hatumsumbui mfiwa kwa mambo ya nyumba, mali wala karatasi. Anapikiwa, anakalishwa na watu, anaachwa alie. Ni adabu nzuri na sitaki uidharau kwa sababu ya hadithi yangu hii. Mzee Ngwanda akashika ndevu zake, akasema, "Mwacheni shemeji amalize kumlilia mkewe. Subira yavuta heri. Tukishasoma hitima tutamkalisha tumweleze." Wazee waliokuwa karibu wakaitikia. Na mimi nikatikisa kichwa. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Pale wazee tulijaa baraza zima, na neno lilikuwa linaharibika tunalitazama.

Tangu hapo shemeji akitokea tu, mazungumzo yanakatika. Mmoja anakohoa, mwingine anauliza bei ya mchele. Yeye akiuliza kuna nini, tunamjibu kwa pamoja, "Hamna kitu, shemeji, kaa unywe chai." Tulijiona watu wa huruma kweli kweli. Mwanaidi akipita ananitupia jicho. Jioni moja hakuvumilia.

"Baba, nyinyi kaeni matanga. Kalenda haikai matanga."

Nilitaka kumgombeza. Nikafungua mdomo, na sauti niliyoisikia kichwani ni ya bibi yangu: ulimhurumia yeye, au ulijihurumia mwenyewe? Usingizi ukanipa kisogo. Alfajiri nikaswali, nikaenda kwa shemeji bila kumuaga mtu.

Nilimkuta chumbani. Sanduku liko wazi kitandani, anakunja mashati. Khanga za Zuhura alikuwa ameziweka pembeni kwenye kiti, zimepangwa vizuri, kama mtu anayekabidhi mali ya wenyewe.

"Safari ya wapi, shemeji?"

"Kwetu." Hakugeuka. "Mimi si mtoto. Kila nikitokea barazani, mnanyamaza. Nimefikiri sana, nimeelewa. Hii ni nyumba ya wazee wa Zuhura, na Zuhura hayupo. Mnaona haya kuniambia niondoke. Basi naondoka mwenyewe, tuachane kwa wema."

Nikakaa, mwanangu, juu ya mashati yake. Miaka yote ile ya kula sinia moja, na ukimya wetu wa siku chache ulikuwa umemfukuza bila mtu kutamka neno! Tulikuwa tunamfichia habari ya kuondoka, kumbe ndiyo tunamfungia mizigo.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kibali, utaratibu mpya, pensheni, na siku zilizobaki, ambazo zilikuwa chache mno. Alisimama na shati mkononi, uso ukazidi kuwa mwekundu.

"Na mlitaka kuniambia lini?"

"Baada ya arobaini."

"Baada ya..." Akalitupa lile shati ukutani. Sijapata kumwona amekasirika vile, hata siku paka wa jirani alipokula samaki wake wa Idi. Kisha akakaa kando yangu akalia, na mimi sikumwambia anyamaze. Kidonda cha mtu kikimuuma, mwache alie. Alipotulia nikamwambia Mwanaidi anamsubiri amsaidie, ila ile barua ya pensheni lazima itoke kwao, na wa kuifuatia haraka ni binti yake. "Mpigie sasa hivi."

Akainama. Akaanza kuchezea kifungo cha shati lake.

"Shemeji, kuna nini?"

"Hajui kwamba Zuhura amefariki," akasema polepole. "Nilimwambia anaumwa kidogo. Kila Ijumaa namwambia amelala." Akaniangalia kwa macho ya mtoto aliyekutwa jikoni. "Si ndivyo mnavyofanya? Nimejifunza kwenu."

Ungetuona! Wazee wawili kando ya sanduku lililo wazi, tunacheka na machozi yanatutoka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu alikuwa amekificha hata kifo chenyewe.

Akapiga simu mbele yangu. Lugha yao siijui, mwanangu, lakini kilio hakina mkalimani. Sauti ya yule binti ilipanda, ikakatika, ikapanda tena. Shemeji alikuwa anaitikia tu, mkono umeshika khanga moja ya Zuhura. Alipomaliza nikamwuliza amesema nini.

"Amesema barua ataifuatia leo leo." Akavuta pumzi. "Halafu ameniuliza kwa nini nimemnyima kumlilia mama yake wa Bongo."

Hapo sikucheka tena. Nilijiona mimi, pantoni, na chupa.

Barua ilikuja. Mwanaidi akamchukua Babu Yusufu mpaka Posta, wakapanga foleni na wastaafu wengine wa kila rangi, kila mmoja ana bahasha yake na hofu yake. Kulikuwa na mama mmoja, aliniambia shemeji, aliyezaliwa hapa hapa mjini, akaolewa ng'ambo, akachukua uraia wa huko, na sasa anaomba kibali ili azeekee mtaa aliochezea kibemasa na watoto wenzake. Kijana wa dirishani aliwaamkia wote shikamoo. Usimlaumu, mwanangu, kanuni hakuziandika yeye. Maombi yakapokelewa muda ukiwa haujaisha, lakini ulikuwa umebaki uzi.

Mzee Ngwanda alininunia. Alisema nimevunja matanga ya dada yake. Nilimwacha anune mpaka akachoka, kisha nikamsimulia habari ya chupa ya dawa, ambayo alikuwa hajawahi kuisikia kwangu. Alijikokota na bakora yake hadi kwa shemeji, akalifunga lile sanduku kwa mkono wake, akaliinua kwa shida akalirudisha juu ya kabati.

Siku ya arobaini tulisoma hitima. Babu Yusufu alikaa mkekani kati yetu na kanzu yake, na simu ilikuwa imeegemezwa kwenye birika ili binti yake aone. Yule binti alikuwa amejitanda khanga ambayo Zuhura alimpelekea zamani, ameivaa kinyume, na hakuna aliyemcheka.

Jibu lilitoka baadaye. Amepewa kibali, cha muda, si cha milele, na kanuni zinaweza kubadilika tena. Shemeji analijua hilo. Juzi tulikuwa tunakunywa kahawa akaniambia, "Zikibadilika, uniambie siku hiyo hiyo." Nikamjibu, "Hata ukiwa chooni nitagonga mlango."

Sasa sikia, mwanangu. Mtu wako akifikwa na jambo, usimpe nusu ya habari ukaita huruma. Usimtumie kijipicha cha moyo kwenye simu ukadhani umemaliza. Nenda. Kaa karibu naye, mshike mkono, umwambie lote, na akilia, kaa hapo hapo mpaka amalize. Habari mbaya ikiwahi kufika huwa bado ina mlango wa kutokea, ikichelewa inakuwa ukuta. Na zaidi mwambie mgeni, kwa sababu mwenyeji atanong'onezwa na shangazi, mgeni hana shangazi hapa. Ukimya wetu sisi tunauita adabu. Yeye anausikia kama mlango unafungwa.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe watu wanaokupenda kiasi cha kukuliza mapema, na akupe wewe ulimi mpole na moyo wa kuwaliza wako inapobidi. Akufikishe kwa wapenzi wako wakiwa bado wanaweza kukuitikia hodi. Na mto wowote utakaouvuka, usiuvuke ukiimba, na dawa mkononi ya mtu aliyekwisha kuzikwa.