Hamu ya Mzee Sitati

Mvua ndefu ikishashika huko Elburgon, ukitaka kumpata Nanyama nyumbani asubuhi utangoja sana. Atakuwa ameshavaa gambuti zake, amejifunga shuka mabegani, ameingia msituni kutafuta uyoga. Majirani wamezoea. Zamani wengine waliona ni ajabu mama mwenye shamba la viazi na ng'ombe wa maziwa kuhangaika na vyakula vya mwituni, lakini akianza kukaanga, na harufu ikipenya kwenye nyufa za nyumba za mbao, hao hao ndio wanaokumbuka ghafla kwamba nyumbani kwao chumvi imekwisha, wakaja kuomba.

Mapenzi hayo ya msitu aliyarithi kwa baba yake. Mzee Sitati alitoka Bungoma akiwa kijana, akaja kufanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao, na kama vijana wengi wa wakati huo alidhani atakaa msimu mmoja, apate nauli ya heshima, arudi kwao. Hakurudi. Pale kiwandani alipatana na Kibii, mtu ambaye wazee wake waliishi ndani ya msitu wa Mau kabla reli haijafika. Kibii alimfundisha kuusoma msitu. Jumapili baada ya kanisa, na wakati mwingine badala ya kanisa, wawili hao waliingia porini na mbwa na pinde, wakarudi jioni na pongo, yule swara wa msituni mwenye madoa meupe ubavuni, apendaye kujificha kwenye vichaka vya kando ya mito. Kibii aliikata nyama vipande vyembamba, akaikausha kwa moshi wa mtarakwa, na nyingine akaitumbukiza kwenye asali ili isiharibike. Nanyama alikuwa msichana mdogo. Aliila nyama ile jikoni kwa Kibii, bega kwa bega na Jepkemboi, binti wa Kibii, asali ikiwachuruzika mpaka kwenye viwiko.

Serikali ilipopiga marufuku uwindaji, Sitati aliuweka upinde wake juu ya dari na hakuutoa tena. Alinung'unika, lakini hakuwa mtu wa kushindana na sheria. Akageukia vile ambavyo hakuna aliyemkataza: uyoga, asali ya mizinga ya Kibii, na vile vitunda vyeusi vya kwenye miiba ambavyo huchafua ulimi. Kibii alipokufa, Sitati aliendelea kuingia msituni peke yake, na miguu ilipoanza kumsaliti, akamwachia Nanyama kazi hiyo.

Nanyama alikuwa ameolewa akaenda Mau Narok, akafiwa na mume, kisha akarudi Elburgon kukaa na baba yake, kwa kuwa mama naye alikuwa ameshatangulia. Mwanawe Travis alikuwa Nakuru mjini akifanya kazi kwenye karakana. Basi nyumbani walikuwa wawili tu, baba na binti, pamoja na redio ambayo mzee hakuruhusu izimwe.

Ndipo mzee akaugua. Hospitali moja ya Nakuru walimtoa uvimbe tumboni, na kusema kweli walimhudumia vizuri. Kidonda kilipona. Kilichokataa kurudi ni hamu ya kula. Nanyama alimpikia uji wa wimbi, akaukataa. Alimchinjia kuku, akanywa mchuzi vijiko viwili akasukuma bakuli. Daktari alisema mwili uko sawa, mzee anahitaji tu kula ili apate nguvu, lakini kumwambia Mzee Sitati ale ilikuwa kama kuliambia gogo liote majani. Mikono yake, ambayo zamani ilibeba magogo, sasa ilikuwa mifupa na mishipa tu.

Siku moja, Nanyama akimtandikia kitanda, mzee akamwita, "Mayi," kama Wabukusu, watu wa kwao Bungoma, wanavyowaita binti zao kwa mapenzi. Nanyama akageuka.

"Mimi nataka nyama ya pongo."

Nanyama alicheka, akidhani ni utani wa kizee. Mzee hakucheka. Kesho yake akarudia, na kesho kutwa pia. Hakulalamika wala hakulazimisha, alisema tu, kama mtu anayeomba maji.

Nanyama alijaribu ujanja. Alinunua mguu wa mbuzi, akaukata vipande vyembamba kama alivyoona kwa Kibii, akaufukizia moshi siku nzima, akaupaka asali. Alipomletea baba yake, mzee alikitazama kipande, akakiuma kidogo, akakirudisha kwenye sahani taratibu.

"Huyu alilelewa na mtu," akasema, akalala.

Kuna mtu sokoni alisikia habari za mgonjwa, akamnong'oneza Nanyama kwamba upande wa Keringet kuna vijana wanaoweza kumtafutia anachotaka, mradi asiulize maswali. Nanyama alimshukuru na kuondoka haraka. Alijua watu waliofungwa kwa kukutwa na sufuria moja tu ya nyama ya porini. Hata hivyo maneno ya yule mtu yalimfuata hadi nyumbani, na kwa siku kadhaa kila alipomwona baba yake akigeuza uso ukutani, yalimrudia.

Mvua ilinyesha juma zima, kisha kukapambazuka na jua. Asubuhi kama hiyo uyoga haungoji mtu. Nanyama alimwachia jirani kazi ya kumwangalia mzee, akapanda kwenda kwa Jepkemboi, ambaye nyumba yake iko juu, mahali ambapo mashamba yanakwisha na miti inaanza. Wakaingia pamoja, Jepkemboi mbele na panga lake la kusafishia njia, Nanyama nyuma na kikapu.

Ndani ya msitu kulikuwa na ubaridi wa kupendeza. Majani yalikuwa bado yakidondosha maji, na ndege wenye mbawa nyekundu walikuwa wakigombana juu ya mizaituni mwitu. Kwenye gogo la kale lililoanguka walikuta uyoga umejipanga tele, mweupe, nyama yake nene. Waliuchuma bila haraka, wakiacha ule mdogo, wakizungumza habari za watoto na bei ya viazi na mama mchungaji aliyeanza kufuga sungura. Kikapu kilikuwa karibu kujaa waliposikia vichaka vya chini, upande wa kijito, vikitikisika kwa nguvu, vikanyamaza, vikatikisika tena.

Jepkemboi aliinua mkono. Wakateremka polepole.

Alikuwa pongo dume. Mtu fulani alikuwa ametega tanzi la waya kwenye njia ya wanyama, nalo limemnasa mguu wa nyuma, wa kushoto. Nyasi zote kumzunguka zilikuwa zimelala kwa jinsi alivyohangaika. Alikuwa mzee kidogo, mgongo umeshakuwa wa rangi nzito karibu nyeusi, pembe zimenyooka na kujipinda kidogo katikati, na ncha zake si za kuchezea. Alipowaona alijirusha, waya ukamvuta, akaanguka, akasimama tena, mbavu zikipanda na kushuka.

Nanyama alisema baadaye kwamba wakati ule hakuona mnyama. Aliona baba yake ameketi kitandani, anatafuna. Nyama ilikuwa pale, hatua chache tu, na hakuna aliyewaona. Mkono wake ulishaanza kulifuata panga la Jepkemboi.

Jepkemboi hakulificha. Alimpa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama Travis, mzee ni wako. Ukiamua, mimi nitakusaidia kubeba. Usipoamua, nitakusaidia pia."

Nanyama akalishika panga. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akautazama mguu ulionaswa, ngozi imekatika hadi nyama nyekundu inaonekana, povu mdomoni mwa mnyama, macho yamemtoka. Akakumbuka jinsi baba yake na Kibii walivyozungumzia mitego ya waya, kwa dharau ile ile waliyokuwa nayo kwa mtu anayeiba kuku. Waya hauchagui, walisema. Hunasa jike mwenye mimba, hunasa mbwa wa mtu, na nyama ya mnyama aliyekufa kwa kuhangaika huwa ngumu na chungu, imejaa hofu.

"Atajua," Nanyama akasema hatimaye. "Akiuma mara ya kwanza tu, atajua huyu alitoka kwenye waya. Na hatakula."

Hata leo ukimwuliza kama ni huruma au ni woga wa jela, atakwambia vyote vilikuwepo, lakini kilichomfanya ashushe panga ni hicho: baba yake angejua.

Kumwachilia pongo dume si kazi ya mchezo. Pembe zile zimewatoboa mbwa na watu. Jepkemboi alimvua Nanyama shuka mabegani, akazunguka taratibu kwa nyuma, na mnyama alipochoka kuruka akamtupia kichwani. Gizani mle pongo alipunguza vurugu kidogo. Jepkemboi akajitupa juu yake, akamkandamiza shingo kwa goti, akashika pembe moja kwa kila mkono, akapiga kelele, "Sasa, haraka." Nanyama alipiga magoti kwenye matope, akaushika ule mguu uliokuwa ukitetemeka kama mtambo, akatafuta fundo la waya lililozama kwenye ngozi. Vidole viliteleza kwa damu. Mara moja pongo alipiga teke, ukwato ukamchana Nanyama kiganja. Hakuachia. Alisukuma waya kinyume, ukakataa, akasukuma tena, tanzi likalegea, likatoka.

"Toka," Jepkemboi akasema, wakaruka kila mmoja upande wake.

Pongo alibaki amelala kidogo, shuka kichwani, kama asiyeamini. Kisha akasimama, akaitupa shuka kwa kichwa, akabweka mara moja, ule mbweko wake mzito unaofanana na wa mbwa mkubwa, akavuka kijito akichechemea, vichaka vikamfunika.

Wanawake walikaa palepale kwenye matope. Jepkemboi alikuwa amechanika sweta kuanzia kwapa hadi kiuno. Akalitazama, akaanza kucheka, na Nanyama naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kucheka. Baadaye wakaung'oa ule waya pamoja na mingine miwili waliyoikuta kando ya njia ile, na Jepkemboi akaahidi kuipeleka kwa walinzi wa msitu.

Nyumbani Nanyama alifunga kiganja kwa kitambaa, akausafisha uyoga, akaukaanga kwa samli na kitunguu, akatia munyu, ile chumvi ya majivu ambayo mama yake alimfundisha kuchuja. Akaupeleka kitandani. Mzee Sitati akautazama mkono wake uliofungwa, akauliza amefanya nini. Nanyama hakuwa amepanga kumwambia. Lakini hakuwa hodari wa kumdanganya baba yake, basi akakaa ukingoni mwa kitanda akamweleza yote, tangu vichaka vilivyotikisika.

Alipofika pale walipomwachilia pongo, mzee alifumba macho na kugeuza uso ukutani. Redio iliendelea kutangaza bei za mahindi. Alikuwa karibu kuinuka, aondoe sahani, mzee aliposema bila kugeuka, "Mgongo ulikuwa mweusi?"

"Karibu mweusi, Baba. Alikuwa mkubwa."

"Mguu gani?"

"Wa nyuma, wa kushoto."

"Alikanyaga nao?"

Nanyama akafikiri. "Alikanyaga nao kidogo alipovuka maji."

Mzee akageuka, akamtazama. "Basi mfupa haujavunjika. Atapona. Pongo ana roho ngumu." Akajivuta juu ya mto. "Alivukia wapi? Pale penye mawe, au chini penye mianzi?"

Nanyama akamwambia ni penye mawe. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa habari ya jamaa, akaanza kueleza siku ambayo yeye na Kibii walimfuatilia pongo mmoja kutoka mawe yale yale mpaka karibu na reli, na jinsi alivyowapotosha kwa kurudi ndani ya maji. Alikuwa akieleza, na mkono wake ukienda kwenye sahani. Alichukua kipande cha uyoga, akakiweka mdomoni, akaendelea kusimulia. Kisha kingine. Nanyama hakuthubutu kusema neno, wala kumtazama moja kwa moja, asije mzee akakumbuka kwamba hataki kula. Hadithi ilipokwisha sahani ilikuwa na mafuta tu.

Hakumwambia kamwe kwamba alifanya vizuri. Pengine hakuona hivyo. Ila tangu siku ile alianza kula, kidogo leo, kidogo kesho, na hakulitaja tena lile ombi lake. Alichodai ni habari. Nanyama hakuweza kurudi kutoka msituni bila kuulizwa nyayo alizoona, maua yaliyofunguka, nyuki wako upande gani. Akiwa hana la kusema, mzee alimwona mvivu. Kufikia mavuno ya viazi aliweza kutembea na fimbo hadi nyumbani kwa Jepkemboi, akaketi nje akiutazama msitu, watu wakipita wakimwamkia.

Alifariki mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mchana, usingizini, redio ikiwa imewashwa. Ndugu zake walikuja kutoka Bungoma kumzika Elburgon, kama alivyotaka. Walikuwa wengi, na siku ya pili mboga za sokoni zilikwisha. Nanyama akafunga mikono kwa mifuko ya plastiki, akaenda nyuma ya zizi, akavuna thabai, yale majani yanayowasha kama moto, akayachemsha na kuyaponda pamoja na viazi na mahindi. Shangazi mmoja aliyekuwa amemwona akiyavuna alikataa katakata, akisema hakusafiri mbali hivyo kuja kula upupu. Jepkemboi akamwekea kijiko kimoja tu, cha kuonja. Shangazi akaonja, akasogeza sahani yake karibu na sufuria. Alipomaliza, alimvuta Nanyama kando na kumwuliza kwa sauti ya siri mbegu za mboga hiyo zinauzwa duka gani.