Walisema Zakia Anajiona

Simu iliita Maulida akiwa jikoni kwake Buswelu, anachambua mchele. Alikuwa Yasmin, binti wa dada yake, kutoka Sengerema.

"Mama mdogo, umekaa?"

"Nimekaa, mwanangu. Kuna nini?"

"Mama ametangulia. Baada tu ya kuswali Alfajiri. Kiharusi kimerudi."

Maulida alisema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akaweka ungo chini. Machozi hayakuja. Kilichokuja kwanza ni aibu, maana safari ya kwenda kumwomba dada yake radhi alikuwa ameiahirisha na kuiahirisha, na sasa wa kuombwa radhi hayupo.

Zakia, dada yake huyo, alikuwa fundi cherehani. Mumewe alipofariki alimlea Yasmin kwa kushona sare za shule kibarazani kwake, na salamu zake zilichelewesha watu kazini. Mtu akipita kimya alimwita: "Wewe, umekula nini leo kilichokuziba mdomo?" Hata Maulida, mdogo wake, ni Zakia aliyemsuka nywele na kumfundisha kuswali.

Siku moja Zakia alishikwa na kichwa, akalala, akaamka akijihisi mzima. Mikono ilifanya kazi, mdomo haukupinda. Ila alianza kujigonga kwenye milango na kupangusa vikombe mezani kwa kiwiko. Alimwendea fundi miwani mjini Mwanza, akapimwa, akaambiwa macho yake ni mazima, kama ya msichana.

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza.

Siku ya posa ya binti wa Maulida, nyumba ya Buswelu ilijaa. Mama Seif, mama wa bwana harusi, alisimama mlangoni kushoto kwa Zakia, akamnyooshea mkono. Zakia akapita, akaenda kumkumbatia jirani aliyekuwa mbele. Mkono ukabaki hewani, wanawake wote wanautazama.

"Jamani, mkono wangu una upupu?" Mama Seif aliuliza. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Maulida akamvuta dada yake jikoni.

"Dada, umeniaibisha mbele ya wakwe."

"Nimefanya nini tena?"

"Mama Seif kakupa mkono, wewe ukampa kisogo."

"Wallahi sikumwona."

"Hukumwona! Mtu kavaa dera la njano, kajaa mlango mzima! Si umeambiwa juzi macho yako mazima? Sema tu siku hizi unajiona."

Neno hilo lilitoka jikoni kabla yao. Kufika jioni kila mtu alikuwa nalo: Zakia anajiona. Hakubisha. Angebisha nini, wakati kwake yeye pale mlangoni hapakuwa na mtu? Alivaa baibui, akavuka na kivuko kurudi Sengerema, na tangu hapo akahamishia cherehani chumbani. Aliogopa kumpita mwingine.

Yasmin ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari Luhaga alimwambia atazame pua yake daktari, kisha akachezesha vidole pembeni, upande wa kushoto wa Zakia. Zakia aliona pua tu. Akafunikwa jicho moja, akafunikwa la pili, mambo yakawa yale yale. Picha ya kichwa ilionyesha kovu kwa nyuma, upande wa kulia.

"Mama, macho yanapokea mwanga tu," daktari alieleza. "Kuona kwenyewe kunafanyika kwenye ubongo, huku kisogoni. Upande wa kulia unashughulikia vitu vya kushoto, na wa kushoto vya kulia. Kile kichwa kilichokushika kilikuwa kiharusi; damu ilikatika upande huu wa kulia, ndiyo maana nusu ya kushoto imepotea, kwa macho yote mawili."

"Mbona sioni giza?"

"Kwani nyuma ya mgongo wako unaona giza? Huoni kitu, basi. Mtu mwenyewe anaweza asijue."

Zakia alicheka mpaka akalia. "Kumbe kweli nilimpa Mama Seif kisogo," alisema, "ila kilikuwa kibovu."

Yasmin alimsimulia Maulida yote kwa simu siku hiyo hiyo. Maulida alisema atakwenda Jumamosi. Hakwenda. Akasema baada ya Ramadhani. Kila alipotaka kufunga safari alikumbuka neno lake la jikoni, akakosa uso wa kumtazama dada yake. Kibaya zaidi, hakurekebisha kitu kwa watu. Mama Seif alipomtaja "yule dada yako anayejiona," Maulida aliuliza bei ya sukari.

Sasa alifika Sengerema kabla ya Adhuhuri, wakwe wakiwa nyuma yake.

"Utamwosha?" Yasmin alimuuliza.

"Kama unaniruhusu."

"Alikuwa anakungoja, mama mdogo. Alisema, mdogo wangu aibu zimemshika, zikimwachia atakuja."

Maulida alimwosha pamoja na wanawake wawili wa mtaa, akimmiminia maji taratibu. Walipomvika sanda wakaacha uso wazi, wanawake wakaitwa kumtazama. Mama Seif alitazama, akanong'ona, "Mola amsamehe kujiona kwake."

Maulida angeweza kunyamaza tena.

"Mkwe wangu, dada yangu hakuwa na majivuno," alisema, na chumba kizima kikasikia. "Alikuwa mgonjwa. Kisogoni, mahali pa kuonea, palikufa upande mmoja. Hakuuona mkono wako. Neno lile nililisema mimi, na nilipojua ukweli niliuficha."

Mama Seif alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Na mimi nimelitembeza Buswelu nzima," alisema. "Tutafanyaje, Maulida?"

"Tutalisema upya. Kwa kila tuliyemwambia."

Maulida akainama, akambusu dada yake kwenye paji la uso na kumwomba radhi. Waoshaji wakamfunika, wakafunga sanda. Wanaume waliingia wakabeba jeneza. Baada ya swala ya Alasiri walimswalia, wakamzika kando ya mumewe. Wanawake walibaki nyumbani, wakamsomea Yasin. Mwenyezi Mungu amrehemu.