Vitambaa Vinne vya Dereva wa Gari la Malale

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Julai 1962 imebana Ushirombo, na Donatus Bujiku anagonga ubavu wa gari lake kwa ngumi. Anagonga mara tatu na kutega sikio. Kimya. Anagonga tena, safari hii kwa viganja viwili, na uso umeshambadilika.

"Nipo hai, Baba Telesphori!" sauti ya kike inajibu kutoka ndani. "Shikamoo. Utalitoboa gari la watu!"

"Marahaba, mwanangu," anajibu, kisha anaketi kwenye ngazi ya gari.

Huyo wa ndani ni Zipora, muuguzi anayepima damu za wanavijiji kutafuta ugonjwa wa malale. Gari lenyewe ni lori lililojengewa chumba nyuma. Ndani mna kitanda, meza ya darubini na hita ya gesi ya kupashia joto, na mtungi wake umefungwa nje. Wakati wa kipupwe Zipora hulala humo, na kila asubuhi dereva wake humgongea namna hii. Mwanzoni alikasirika. Siku hizi hutania tu, maana anajua kisa.

Donatus ana miaka arobaini na minne, na kumi na moja kati ya hiyo ameimaliza kwenye usukani. Mshahara wake ni shilingi mia na ishirini kwa mwezi, na watoto wake ni sita, mkubwa wao Telesphori. Ukimwuliza anaogopa nini porini, simba, nyoka au kuharibikiwa na gari, atakucheka. "Simba unamwona," anasema. "Mimi naogopa kitu kisichoonekana wala kunuka."

Dereva yeyote wa njia ya Kahama anaijua adha ya mbung'o, wale nzi wa malale. Kwenye kizuizi walinzi hukagua gari kwa nyavu, na wakimkuta nzi mmoja tu ndani, utashinda hapo juani. Kwa hiyo madereva wana desturi yao: kabla ya kuingia porini, kila tundu la gari linazibwa kwa kitambaa. Gari la Donatus lina matundu manne ya hewa, mawili chini na mawili juu.

"Nilikuwa hodari wa kuziba, wee!" anasema. "Walinzi walinisifu. Gari la Donatus haliingii hata mbu."

Miaka miwili iliyopita alisafiri na mpimaji wa wakati huo, Cornel, kijana mcheshi wa Nyasubi, kule Kahama. Walifika kambini jioni, mvua ikinyesha. Donatus akaenda kulala kwa shemeji yake, jirani na hapo. Cornel akabaki garini, akawasha hita, akafunga mlango na dirisha. Vitambaa vinne vilikuwa bado kwenye matundu.

Asubuhi Donatus alimkuta amejikunja kitandani, midomo imeiva wekundu, utadhani amelala tu. Hita ilikuwa ikiwaka bado. Aliizima, akamtikisa, akaita jina lake mpaka sauti ikakauka. Kisha, kabla ya kukimbilia watu, akafanya jambo ambalo mikono yake ilifanya kila safari: akavichomoa vitambaa na kuvitia mfukoni.

"Nilivitoa kwa mazoea, Mungu ni shahidi," anasema. "Gari likifika, vitambaa vinatoka. Sikujua chochote."

Alikuja kujua baada ya miezi mitatu. Fundi Gregory wa Shinyanga, akitengeneza hita ile, alimweleza kwamba moto wa gesi unakula hewa kama mtu, na hewa ikipungua unatoa sumu isiyo na harufu. Usiiwashe matundu yakiwa yamezibwa, alisema, na usilale ikiwaka. Donatus alikumbuka vitambaa vinne alivyovitia mfukoni.

Angesema siku ile, mambo yangekuwa mengine. Hakusema. Na kule Nyasubi watu walikuwa wameshapata jibu lao. Kijana mzima, hana jeraha wala homa, anakufaje? Wiki moja kabla, Cornel aligombana na shangazi yake, Bibi Mbuke, kwa sababu ya mbuzi aliyekula mihogo. Basi ikawa imetosha. Mjane wa Cornel, Euphrasia, akaamini. Ndugu wakaamini. Bibi kizee akaitwa mchawi mchana kweupe, akahamia kibanda cha peke yake mwisho wa mashamba.

"Nilikuwa nasema kesho, kesho," Donatus anasema, na hapa analia bila kujificha. "Niliogopa jela. Niliogopa kazi. Nikajificha nyuma ya bibi kizee!"

Alichokifanya ni kwenye gari tu. Vitambaa vyake sasa vimeshonwa kwenye kamba moja, na kwenye kamba hiyohiyo imefungwa spana ya kufungulia mtungi. Vikiwa vimeziba matundu, kamba imekazwa na spana haifiki kwenye mtungi. Anayetaka moto sharti avitoe kwanza, vyote. Kila jioni hupaka maji ya sabuni kwenye mpira wa gesi kuona kama kuna povu, na Zipora akishapata joto huzima kabla ya kulala.

Juzi mfanyabiashara mmoja alipita na habari za Kahama. Ndama wawili wa jirani yake Bibi Mbuke wamekufa Nyasubi. Vijana wameanza kunoa mapanga, na Bibi Mbuke ameambiwa ahame kabla ya Jumapili.

Donatus alimfuata Zipora. Alimweleza yote, hata lile la vitambaa alilokuwa amemficha, naye hakumlaumu wala kumpoza. "Jumamosi tunakwenda Kahama kuchukua dawa," alimwambia. "Tutaondoka alfajiri." Jumamosi hiyo ni kesho.

Anataka kuwaketisha Euphrasia na mashemeji zake, awaonyeshe matundu na vitambaa, aseme kwa mdomo wake kwamba aliyeziba ni yeye. Polisi wakimtaka, watamkuta. Baada ya hapo anataka kumpandisha Bibi Mbuke kiti cha mbele, ampitishe kijiji kizima hadi nyumbani kwake.

Na ndugu wa marehemu wakimgeuzia yeye yale mapanga? Donatus anatazama gari lake.

"Naogopa sana," anasema. "Lakini mimi nina gari la kukimbilia. Yule mama ana miguu tu, na ana miaka sabini."