Felista na Dawa za Pande Mbili

Nesi Zuleha alikuwa na kawaida yake. Mgonjwa kabla hajaruhusiwa, huketi naye kitandani amuulize: unaishi na nani, unajua kusoma, nyumbani una dawa gani? Akimaliza hukwambia kama utakosea dawa ukifika kwako. Na mara nyingi hupatia.

Bibi Felista wa Ihanda akaambiwa atakosea.

"Mimi? Watoto wote nimewanywesha dawa kwa mkono huu!"

Mwanawe Emanueli akadakia, "Umesikia, mama. Twende Mlowo ukakae kwangu. Ile nyumba yako ya Ihanda tutampangisha mtu."

Felista hakutaka. Nyumba ile matofali yake aliyafyatua mwenyewe.

"Bibi, toa dawa zilizomo mkobani," nesi akasema.

Zikatoka za hospitali, zikatoka na za Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alizoletewa na dada yake Anastazia aliyeolewa kule.

"Unamezaje?"

"Za daktari asubuhi, kumheshimu daktari. Za dada jioni. Ndugu yako avuke mpaka na dawa yako, halafu uiache? Hilo si tusi?"

"Bibi, ni dawa ile ile ya presha, boksi tu ndilo tofauti. Umekuwa ukimeza mara mbili, ndiyo maana presha ilishuka ukaanguka sokoni."

Felista akayatazama maboksi yote mawili. Kisha akazisukuma zile za Nakonde kwa nesi.

"Kaa nazo. Anastazia nitamwambia alete samaki. Sasa na wewe nisikilize: kidonge kimoja asubuhi, baada ya uji. Jioni hakuna. Mtu akiniletea dawa yoyote, hata awe dada, naileta kwako kwanza. Nimekosea wapi?"

"Hapo hujakosea."

"Haya, mama, nenda Ihanda," Emanueli akasema. "Ila siku ya kurudi kliniki wakikuta umekosea, ni Mlowo moja kwa moja."

"Tutaonana hapa hapa."

Siku ikafika. Zuleha akamfunga mkanda wa kipimo mkononi, akapima, akapima tena kama haamini. Akatazama na vidonge vilivyobaki.

"Presha safi, bibi! Basi mimi nilitabiri vibaya."

"Hukutabiri vibaya, mwanangu. Ulisema nitakosea, nami nikakataa kukosea."

Zuleha akacheka mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakageuka. Emanueli akawa anakuna kichwa.

"Unakuna nini? Nipeleke kwangu," Felista akasema, tayari yuko mlangoni. "Tukifika uniingizie kuni ndani, mvua inakuja."