Mama Hewa na Binti Aliyefuata Nanga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Hewa anafungua koki ya mtungi wa hewa ya wazamiaji kidogo tu, fss, anasogeza pua. Ananusa kama anayepima maziwa yaliyolala. Hewa ikinuka moshi au oili, mtungi hauendi baharini. Leo mtungi mmoja ameunusa mara tatu.

"Mama, huo wangu utaumaliza kwa pua," binti yake anamwambia kutoka mlangoni.

Mama hacheki.

Binti huyo, ambaye mji mzima humwita Kibua, jina la samaki, kwa wepesi wake majini, ana miaka ishirini na minne. Kazi yake ni kuongoza wageni wanaokuja kuzamia kwenye miamba. Leo anarudi kazini baada ya miezi mitano. Daktari amemruhusu. Mama yake hajamruhusu.

Chumba hiki cha kujazia mitungi zamani kilikuwa ghala la samaki, na ndoano za mizani bado zinaning'inia darini. Humu humu Mama Hewa alipara samaki miaka kumi na mmoja. Samaki walipopungua na wageni wakaongezeka, nyavu ziliuzwa, mashua zikapakwa rangi, naye akafundishwa mashine ya hewa. Siku za msimu hujaza mitungi arobaini.

"Magamba yametoka mikononi, wasiwasi umeingia," ananiambia, nami naandika. "Ukikosea kisu, ni samaki tu. Ukikosea mtungi, ni mtoto wa mtu."

Lakini kilichomwangusha mwanawe hakikutoka mtungini.

Siku hiyo, miezi mitano iliyopita, Kibua alikuwa amezamia na wageni mara tatu, mara ya mwisho mita ishirini na sita. Walipotaka kuondoka, nanga ikanasa mwambani. Nahodha ni kaka yake Mama Hewa, mvuvi wa zamani.

"Kibua, hebu shuka uitoe."

"Mtungi umeisha, Mjomba."

"Mtungi wa nini? Marehemu baba yako alizaliwa na mtungi? Vuta pumzi, wageni wana njaa!"

Wageni walicheka, naye Kibua akacheka. Katika mji huu mtoto hujua kufuata nanga kwa pumzi kabla hajajua kusoma. Alishuka, akainasua, akachomoka juu kama kizibo. Hakuna aliyeona kosa, maana ndivyo walivyofanya siku zote.

Ila wavuvi wa zamani walishuka na pumzi waliyoivuta juu. Anayepumua mtungi huko chini hubaki na hewa iliyoyeyuka ndani ya damu, nayo huchukua saa nyingi kutoka.

"Daktari alinionyesha chupa ya soda," mama anasimulia. "Akaitikisa, akafungua, ikafoka. Akaniambia, mama, damu ya mwanao ndiyo hii."

Jioni ile bega lilianza kumuuma. Mama akadhani ni uchovu, akamkanda kwa maji moto, akamwambia alale. Asubuhi Kibua aliita: "Mama, miguu yangu iko wapi?"

Hospitali yenye chumba cha kutibu wazamiaji iko mwendo wa saa tisa. Alitibiwa humo siku sita, kisha akajifunza upya kutembea, akishika ukuta kama mtoto.

"Usiku mzima niliupoteza kwa beseni la maji," anasema Mama Hewa, sauti ikishuka. "Andika hapo: mzamiaji akilalamika bega, ganzi au kizunguzungu, asikandwe, asiambiwe alale. Apewe oksijeni, akimbizwe hospitali. Nilijua kuijaza hewa, sikujua inavyotoka. Nilidhani tu. Na kudhani kunaua."

Sasa kwa nini arudi?

"Nikapare samaki gani?" Kibua anajibu. "Kwa wiki napata alichopata baba kwa mwezi. Wadogo zangu wawili wanasoma kwa mapezi haya ya miguuni."

Mama anajua ni kweli, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

Anafunga mtungi wa mwisho, anafuta mikono, anateremka ufukweni hadi kwenye mashua ya kaka yake. Wageni wanane wameshakaa.

"Kaka, nanga ikinasa leo, nani anashuka?"

"Dada, hayo tumeshazungumza."

"Tulizungumza wawili. Nataka wasikie wote."

Nahodha anatazama maji, kisha anamtazama mpwa wake. Hajawahi kukata kamba ya nanga. Kwa wavuvi wa rika lake, hiyo ni aibu ya kusimuliwa mpaka msibani.

"Ikinasa, nakata."

"Kwa nini?"

"Aa, dada!"

"Sema."

"Kwa sababu aliyevuta hewa ya mtungi hashuki tena kwa pumzi siku hiyo. Haya, umeridhika?"

Kibua amejifunika uso. "Mama, umeniaibisha."

"Aibu utatembea nayo, mwanangu. Ganzi hutembei nayo."

Mashua inaondoka. Mama Hewa hajaridhika. Ufukweni ziko mashua nyingine kumi na nne, na anataka manahodha wote wachange wafunge maboya ya kudumu penye miamba, mashua zifungwe hapo na nanga zisishuke kabisa. Watano wamekubali. Waliobaki wanasema mjaza hewa ajaze hewa.

Nahodha wa mashua ya pili anamwona akija, anajifanya kashughulika na injini. Mama Hewa anakunja gauni, anaingia majini mpaka magotini.

"Shemeji," anaita, "nanga yako ikinasa, unamtuma mtoto wa nani?"