Nyati Aliyefia Dirisha Namba Mbili

Ofisini walimwita Mama Lebo, na jina lilimkaa kama sare. Miaka ishirini na sita alikuwa akitoa leseni za uwindaji kwenye dirisha namba mbili. Kila leseni ya mnyama mkubwa aliiambatanisha na lebo: utepe mgumu wa plastiki ya njano, wenye namba, ambao mwindaji huufunga kwenye sikio la mnyama mara tu anapoanguka. Ukishabana haufunguki tena. Lebo moja, mnyama mmoja. Lebo ikibana, daftarini hiyo ni maiti.

Zilibaki wiki tatu astaafu. Faili lake halikuwa na barua hata moja ya kujieleza, na hicho ndicho kitu pekee alichotaka kuondoka nacho. Zawadi hakuitegemea, aliyestaafu kabla yake walimpa saa ya ukutani isiyotembea.

Asubuhi hiyo alifika amechoka kama nguo iliyokamuliwa. Mumewe, kwa heshima ya kustaafu kwake, alikuwa ameamua kupaka rangi nyumba nzima. Alianza na chumba cha kulala, kiuno kikamkatalia hapohapo. Hii ilikuwa wiki ya pili Mama Lebo analala sebuleni, kati ya kabati na friji, huku nywele zinanuka rangi.

Wa kwanza dirishani alikuwa Fundi Redio.

"Shikamoo mama. Nimemfuata nyati wangu. Mwaka huu mtafute mwingine wa kumnyima."

Alikuwa na haki ya kununa. Msimu uliopita lebo yake ilimbania kwenye kitasa cha mlango wa gari, gari lenyewe bado liko uani kwake na lebo mlangoni. Alikuja mbio kuomba nyingine. Mama Lebo akamtazama juu ya miwani: "Lebo ikibana, nyati amekufa. Nenda kachune mlango." Ofisi ilicheka wiki nzima. Fundi hakucheka.

Sasa ilibaki lebo moja tu ya nyati kwa msimu mzima, na ilikuwa yake. Mama Lebo akaanza somo analompa kila mwindaji. Kwenye droo alikuwa na lebo ya kufundishia, iliyovunjwa jino ili isibane, na sikio la mnyama lilikuwa siku zote mkanda wa mkoba wake.

"Unapitisha hapa," alisema, akizuia mwayo, "halafu unavuta hivi."

Krak.

Lebo ya kufundishia haikuwahi kulia hata siku moja. Mama Lebo akatazama chini. Ya kufundishia ilikuwa imelala kwenye droo, haina habari.

"Mama," Fundi alisema polepole, "umeniulia nyati."

Mkuu wa ofisi, kijana aliyeingia kazini Mama Lebo akiwa tayari na miwani, alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Mama yangu, usijipe presha. Andika imepotea. Ikipotea, kanuni inaruhusu tuletewe nyingine. Fundi anapata nyati, wewe unaondoka na faili safi. Mkasi huu hapa."

"Haijapotea. Naiona."

"Hata mimi naiona. Wasoma mafaili hawaioni."

Akamsogezea fomu. Kalamu ilikuwa nyepesi kuliko kawaida. Neno moja, sahihi moja, arudi kwenye friji yake. Mama Lebo akamgeukia Fundi.

"Ile ya mlango wa gari. Ulifikiria kusema imepotea?"

"Njia nzima."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na wewe umenitolea macho hayo?"

Mama Lebo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaisukuma fomu pembeni, akalivuta daftari. Mnyama: nyati. Mahali alipouawa: dirisha namba mbili. Lebo ilipofungwa: mkanda wa mkoba. Aliyeua: akaandika jina lake lote, mpaka la babu. Mkuu akaguna, akarudi ndani na mkasi wake. Ikafuata barua ya kujieleza, mistari minne, ya kwanza maishani mwake na ya mwisho.

"Nimekuweka wa kwanza kwenye orodha ya mwakani," alimwambia Fundi. "Nisamehe, baba. Na ile ya mlango pia."

Fundi aliutazama mkoba. "Mwakani utakuwepo hapa dirishani?"

"Sitakuwepo."

"Basi kuna matumaini," alisema, akaondoka bila kugeuka.

Lebo iliyobana haikatwi mpaka mkaguzi aje. Kwa hiyo Mama Lebo alitembea mpaka nyumbani na mkoba wake wenye sikio la njano, watu wakimpisha na kumtazama. Mumewe alikuwa amekalia ndoo ya rangi, ameshika kiuno.

"Hicho cha njano ni nini?"

"Nyati."

"Mkubwa?"

Alijitupa kati ya kabati na friji, viatu mguuni.

"Sijui, mume wangu. Miaka yote hii sijawahi kumwona hata mmoja."