Edelmira anazilinda nyasi zilizozama, siku tisa kabla ya sikukuu

Saa moja na nusu asubuhi, Edelmira Catrilef amepiga magoti juu ya ubao, katikati ya uwanja wa nyasi wa nyumba ya watu, na anasikiliza. Anachomeka uma wa bustani ardhini, anautikisa kidogo, anauchomoa. Kisha anainamisha sikio kwenye matundu manne yaliyobaki. Maji yanashuka kwa sauti ya mtu anayemeza.

"Hapa panakunywa," anasema. Anasogea hatua moja, anachomeka tena, anatega sikio. Kimya. "Hapa bado pamekabwa."

Ni tarehe tisa Septemba. Hapa Valdivia, mji wa kusini ya mbali ambako baridi huisha Septemba, mvua imenyesha tangu Mei, na watu wamechoma kuni mpaka mabanda ya kuni yamebaki na maganda. Zimesalia siku tisa kufika sikukuu ya taifa. Siku hiyo wageni sitini watakuja kwa Bwana Renato Winkler kula nyama choma na kucheza ngoma ya leso, ngoma isiyonoga mpaka visigino vipige chini. Wameicheza juu ya nyasi hizi kila mwaka tangu enzi za baba yake.

Mwaka huu nyasi zimezama. Na Jumapili, akitoka kanisani, Bwana Renato alitamka neno lake: ikifika tarehe kumi na tano uwanja haujawa tayari, kazi itapewa kampuni yenye mashine. Si kwa sikukuu peke yake. Moja kwa moja.

"Alilisema huku anaangalia mwavuli wake," anakumbuka Edelmira. "Mtu akikwambia jambo zito bila kukutazama, ujue limemuuma na yeye. Lakini amelisema."

Edelmira ana miaka sitini na mmoja. Alisoma mpaka darasa la sita, akamfuata baba yake kwenye bustani za matajiri, na hapa kwa Winkler ana mwaka wa ishirini na tatu. Bustani zake ni tano, ila hii ndiyo mama yao: kuanzia Septemba hadi Aprili inampa peso laki moja na elfu arobaini kwa mwezi, karibu nusu ya kinachoingia nyumbani kwake. Mumewe, Nolberto, aliangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao na hawezi tena kunyanyua ndoo. Miezi ya baridi, ambapo hakuna anayemwita mkata nyasi, Edelmira hufuma soksi na kukaanga maandazi ya boga.

"Tumeishi," anasema. "Mungu hajatulaza njaa hata siku moja. Ametulaza na maandazi mara nyingi."

Kazi yake huku kwenye maji ina sharti moja: hakuna kukanyaga. Ana mbao mbili za uzio wa zamani. Anasimama juu ya moja, anaisogeza nyingine mbele, anahamia. Udongo uliolowa, anaeleza, ni kama unga wa mkate: ukiukandamiza unashikana, na mizizi inakosa pa kupumulia. Kwa hiyo anatoboa, shubiri kwa shubiri, anamwaga mchanga wa mtoni kwenye matundu, anaufagia uzame. Mashine ya kukatia itasubiri majani yakauke, na mara ya kwanza itapita juu juu, ing'ate ncha tu.

Tangu tarehe mosi ametoboa nusu ya juu. Nusu ya chini bado inang'aa maji.

Karibu na baraza kuna doa la kijivu, pana kama meza, gumu kama saruji. Bwana Renato, mwenye miaka sabini, anatoka na kikombe cha kahawa na kusimama mbali nalo.

"Bwana, hili ni nini?" Edelmira anamuuliza, ingawa analijua tangu wiki iliyopita.

"Majivu ya jiko."

"Ndoo ngapi?"

"Sikuhesabu, mama. Kila asubuhi moja. Si mnasema majivu yanaua kuvumwani?"

"Tunasema yanyunyizwe makavu, kama chumvi kwenye mayai. Wewe umezika yai!"

Bwana Renato anacheka, halafu anaacha. Karibu kila nyumba ya mji huu inachoma kuni, na karibu kila mwenye nyumba ana jirani aliyemwambia kuwa majivu yanafukuza ule uoto laini unaokaba nyasi. Kidogo husaidia. Majivu ya majira mazima, yakimwagwa mahali pamoja chini ya mvua, yanaunguza nyasi na kufunga udongo.

"Nilitaka kukupunguzia kazi," anasema taratibu.

Saa nne lori dogo linasimama langoni. Anashuka mkwe wa Bwana Renato, Leandro, na nyuma yake rola la chuma la kubonyezea ardhi, lenye uzito kama wa wanaume watatu. Ameliazima kwa kampuni ileile inayoisubiri kazi hii.

"Bibi Ede! Bado unaziombea?" anaita. "Sogea tuusawazishe uwanja, jioni uwe kama zulia."

Edelmira anainuka. Anavuka mbao zake, mbio kadiri mbao zinavyoruhusu, na kwenda kusimama langoni na uma mkononi. Ameushika mpini kwa mikono miwili.

"Halipiti."

"Mama, hii nyumba ni yako?"

"Si yangu. Ndiyo maana naogopa kuiharibu. Wewe huogopi?"

"Mabonde yote yale, watu watateguka miguu! Rola linabonyeza, basi. Hata mtoto anajua."

"Litabonyeza, eeh. Na maji yatakwenda wapi, kijana? Mfukoni mwako?"

Dereva wa lori anageuka kuficha kicheko. Uso wa Leandro unawaka kama kaa la moto. Bwana Renato amesimama kati yao, kikombe kimepoa, na anaonekana wazi kuwa amechoka kuamua.

"Siku tisa, Edelmira," anasema. "Unaniahidi nini?"

Hapo angeweza kuahidi lolote. Mtu mwenye mume wa kulisha huahidi.

"Siahidi, bwana. Nusu ya juu labda. Ya chini, hapana. Lakini mpe Leandro ukanda mmoja, ule wa kando ya uzio. Apitishe mara moja. Kesho asubuhi tuutazame wote watatu. Kama nimekosea, nitaondoka na mbao zangu."

Rola linapita. Ukanda unabaki laini, unapendeza, na Leandro anaupiga picha. Alasiri inanyesha kwa saa mbili. Edelmira anarudi nyumbani na kumwambia mumewe huenda amejifukuza kazi mwenyewe. Nolberto anamuuliza kama amekula.

Kesho yake, saa mbili, wanakutana pale. Upande uliotobolewa umelowa, lakini hauna dimbwi. Ukanda wa rola umejaa maji kutoka mwanzo hadi mwisho, umetulia kama kioo, na mawingu yanaonekana ndani yake.

Leandro anaupima kwa ncha ya kiatu. Kiatu kinazama.

"Basi kwa siku nane utakauka," anasema, lakini sauti imeshuka.

"Utakauka Januari," anasema Edelmira. "Ukikauka, utakuwa tofali."

Bwana Renato anatazama ukanda, anatazama doa lake la majivu, kisha anatazama uwanja wa saruji ulio mbele ya banda la kuni.

"Mwaka huu tutacheza kule," anasema.

"Kwenye saruji? Kama kituo cha mafuta?"

"Visigino vitasikika vizuri zaidi, Leandro. Wapigie wenye rola waje walichukue. Na uwaambie hatuhitaji kitu kingine kutoka kwao."

Edelmira haonyeshi furaha. Anafuta uma kwa kipande cha gunia, anafumba macho kidogo, midomo inacheza bila sauti. Baadaye anakiri usiku hakulala.

Ukanda ule na doa la majivu vitamchukua mpaka Krismasi, tundu kwa tundu, kisha mbegu mpya. "Sizilindi ili zitazamwe," anasema. "Nataka mwakani wazichezee mpaka zichakae. Ndiyo kazi ya nyasi. Ila huwezi kumchezea mtu kifuani akiwa anazama."

Jumatatu baada ya sikukuu ataanza, na safari hii hatakuwa peke yake. Bwana Renato ameomba kushika uma wa pili.

"Nimemkubalia," anasema Edelmira. "Nimemwambia aje saa moja kamili, na aje bila wazo jipya."